Kufumua na Kufuma: Nguo Kuukuu katika Historia ya Waswahili



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Katika mihadhara ya aina hii tumezoea kusikia habari za tenzi, za miswada ya hati ya Kiarabu, za usanifishaji wa lugha na za mustakabali wa Kiswahili. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie kitu kilicho karibu zaidi na mwili, yaani nguo iliyochakaa, pamoja na mkono unaoitengeneza ili ivaliwe tena.

1. Utangulizi

Historia ya mavazi katika upwa wa Afrika Mashariki imeandikwa kwa wingi, na imeandikwa vizuri. Hata hivyo, wengi walioiandika wameitazama nguo siku ilipokuwa mpya: ilipoteremshwa kutoka jahazini, ilipopimwa dukani kwa jora na doti, au ilipovaliwa kwa mara ya kwanza siku ya Idi au ya harusi. Jambo hili lina sababu yake. Nguo mpya huacha maandishi. Huingia katika daftari la forodha, katika hesabu ya mfanyabiashara na katika barua ya balozi. Nguo kuukuu haitozwi ushuru inapotoka kwa mama kwenda kwa binti yake, wala hakuna karani anayeandika kwamba jana jioni kanzu fulani ilitiwa kiraka kwapani.

Lakini tukifikiri kidogo tutaona kwamba nguo huwa mpya kwa siku chache, na huwa kuukuu kwa miaka. Kwa hiyo historia inayokomea kwenye upya wa nguo inasimulia sehemu ndogo ya maisha yake. Vilevile inawasahau watu walioishughulikia katika sehemu kubwa iliyobaki: wanawake majumbani, watumwa, madobi, na mafundi waliokaa barazani mwa maduka.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni moja. Katika upwa huu kutengeneza nguo kuukuu hakukuwa tu shughuli ya mwisho ya mtu aliyekosa uwezo wa kununua mpya. Mara kadhaa, na katika vipindi muhimu vya historia yetu, nguo iliyohesabiwa kuwa mpya ilizaliwa kutokana na nguo iliyokwisha kuwapo. Ushahidi wa hoja hii unapatikana katika maandishi machache ya wasafiri, katika mabaki yaliyofukuliwa ardhini, na zaidi ya yote katika maneno ya Kiswahili chenyewe. Kwa kuwa baadhi ya maneno hayo yanapotea pamoja na kazi iliyoyazaa, suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kuliko tunavyodhani.

2. Vigae, pamba na uzi wa buluu

Tuanze na ardhi. Wanaakiolojia waliofukua miji ya kale kama Kilwa Kisiwani na Shanga wamepata vijiduara vya udongo vilivyotobolewa katikati. Hivyo ni vizito vilivyotiwa kwenye kijiti cha kusokotea uzi ili kizunguke sawasawa. Navyo ni ushahidi kwamba Waswahili wa kale hawakuwa wanunuzi wa nguo za ng'ambo peke yake, bali walisokota pamba na kufuma. Jambo linalostahili kuangaliwa hapa ni kwamba vingi vya vizito hivyo vilichongwa kutokana na vigae vya vyombo vilivyovunjika. Chungu kilipopasuka, kipande chake kilisuguliwa kikawa mviringo, kikatobolewa, kikaingia katika kazi ya kutengeneza nguo. Kwa hiyo hata chombo cha kusokotea uzi mpya kilitokana na kitu kikuukuu.

Kuhusu thamani ya nguo iliyokwisha kuvaliwa, tunaye shahidi wa mwaka 1331. Katika mwaka huo Ibn Battuta alifika Mogadishu, ambako alizisifu nguo zilizofumwa mjini humo na kupelekwa hadi Misri, kisha akafika Kilwa. Huko Kilwa alimkuta Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa. Anasimulia kwamba siku moja, baada ya Swala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo zilezile alizokuwa amezivaa mwilini. Sultani akakubali. Akaingia ndani, akavua, akavaa nyingine, akamkabidhi fukara zile alizozivua. Mwana wa sultani, aliyekuwa mrithi wake, akazikomboa nguo hizo kutoka kwa yule fukara kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu kitendo chake, akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Masimulizi haya hutajwa kwa kawaida ili kuonyesha ukarimu wa mfalme na utajiri wa mji. Mimi nayataja kwa mambo mawili mengine. La kwanza ni kwamba nguo hizo zilikuwa zimevaliwa, na kule kuvaliwa hakukuzipunguzia thamani. Kwa kuwa zilitoka katika mwili wa sultani, kulizizidishia. La pili ni chungu. Thamani yenyewe ilipimwa kwa binadamu kumi ambao hatuambiwi majina yao wala nguo walizovaa. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka kusini, Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika kitabu chake katika miongo ya kwanza ya karne ya 16, anaeleza kwamba Waislamu wa Sofala walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo nyingi nyeupe. Kwa maelezo yake, hawakujua kutia rangi, au walikosa dawa za rangi. Kwa hiyo walichukua nguo za Kambaya, kule Gujarati, zenye rangi ya buluu na nyinginezo, wakazifumua uzi kwa uzi. Kisha wakazifuma tena, na kwa nyuzi hizo pamoja na nyuzi zao nyeupe wakapata nguo za rangirangi. Barbosa anasema kwamba nguo hizo ziliwapatia dhahabu nyingi.

Tuitazame kazi hiyo kwa makini. Mfumaji wa Sofala alipokea nguo iliyokamilika, iliyovuka bahari yote ya Hindi kwa pepo za msimu, naye akaanza kwa kuiharibu. Alitafuta mwisho wa uzi, akauvuta, akauzungusha, akaunga ulipokatika. Alipomaliza hakuwa na nguo tena, bali alikuwa na rangi. Rangi hiyo akaipanga pamoja na uzi wa shamba lake mwenyewe kwa namna iliyowapendeza wanunuzi wa bara, na wanunuzi hao wakailipia dhahabu. Barbosa aliona upungufu, kwamba watu hawa hawakuwa na rangi. Tunaweza kuusoma ushahidi wake kwa namna nyingine, kwamba watu hawa waliiona nguo kuwa kitu kisichofungika moja kwa moja. Nguo ilikuwa akiba ya nyuzi, nayo iliweza kurudishwa katika hali ya nyuzi wakati wowote haja ilipotokea.

Wanafunzi wa sarufi watakuwa wamekwisha kuona ninapoelekea. Kiswahili kina kauli ya kutendua. Kutokana na *funga* tunapata *fungua*. Kutokana na *ziba*, *zibua*. Kutokana na *kunja*, *kunjua*. Kutokana na *shona*, *shonoa*. Na kutokana na *fuma* tunapata *fumua*. Katika vitenzi hivi kutendua si sawa na kuharibu. Anayefungua mlango hauvunji, na anayefumua nywele hufanya hivyo ili zisukwe upya. Kinachotenduliwa hubaki kizima katika sehemu zake, tayari kutendwa tena. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyowafundisha watu wa Sofala kazi yao. Ninachodai ni kwamba lugha iliyo na jozi ya *fuma* na *fumua* inaweza kulieleza tendo la mfumaji yule kwa neno moja, bila kulihukumu kuwa ni upungufu.

3. Merikani, kaniki na leso

Sasa tuvuke karne tatu tufike Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wa kwanza wa Marekani akawasili kisiwani. Meli zilizotoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta bidhaa nyingi, lakini iliyoshinda zote ni kitambaa cha pamba kigumu kisichong'arishwa, ambacho hadi leo jina lake linatuambia kilikotoka: *merikani*. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliikata biashara hiyo, na nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na Uhindi. Jina, hata hivyo, likabaki.

Merikani kilikuwa ndicho kitambaa cha mtumwa na maskini. Kilidumu, lakini kilishika uchafu na kuonyesha kila doa. Njia mojawapo ya kukibadilisha ilikuwa ni kukitumbukiza katika nili, kikawa cheusi au buluu iliyokoza. Nguo ya rangi hiyo ndiyo kaniki, ambayo nyingine ililetwa kutoka Uhindi ikiwa imekwisha kutiwa rangi. Ni rahisi kuona faida ya nili kwa mtu mwenye nguo moja. Doa halionekani, mshono hauonekani, na kiraka kilichotiwa kabla ya kuchovya hufanana na nguo iliyobaki. Ilipochujuka iliweza kuchovywa tena. Lakini kaniki vilevile ilikuwa alama. Aliyemwona mwanamke njiani amejifunga kaniki alijua, au alidhani anajua, daraja la mwanamke huyo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 likatokea vazi ambalo leo haliwezi kutengwa na jina la Mswahili. Neno *leso* ni la Kireno, nalo maana yake ni kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa Mombasa na Unguja, kwa tofauti ndogondogo, kwamba vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa bado vimeungana katika jora, na kwamba wanawake walinunua sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu mpaka wakapata vazi moja la upana wa vitambaa viwili na urefu wa vitatu. Wafanyabiashara walipoona kwamba vazi hilo linapendwa, wakaagiza lichapishwe likiwa kipande kimoja. Miongoni mwa wafanyabiashara waliojulikana kwa vazi hilo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara yake mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa jina la Abdulla. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, na sioni sababu ya kuyakataa, basi kanga haikubuniwa na kiwanda. Kiwanda kiliiga mshono uliokwisha kufanywa na mikono ya wanawake kwa vitambaa vilivyokusudiwa kufutia jasho.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba. Wanahistoria walioandika habari za miaka hiyo wanaeleza jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoiacha kaniki na kujifunga kanga. Hapa ndipo nilipotaka kurudi kwa wale watu kumi wasiotajwa majina katika habari ya Kilwa. Katika karne ya 14 nguo ililipiwa kwa watu. Mwishoni mwa karne ya 19 waliokuwa wakiuzwa kama bidhaa waliitumia nguo kujitangaza kuwa ni watu. Kiswahili kinalo neno la jambo hili, nalo ni *sitara*. Kusitiri ni zaidi ya kufunika ngozi. Ni kulinda heshima ya mtu mbele ya wenzake. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya kuazima huweza kudaiwa wakati wowote, na mvaaji akabaki hana kitu. Iliyo yako, hata ikiwa na viraka, hukusitiri.

Tangu hapo kanga imekuwa na maisha marefu yanayojulikana katika kila nyumba ya pwani, ingawa ni nadra kuandikwa. Ikiwa mpya huvaliwa pea yake, moja kiunoni na moja kichwani au mabegani. Ikichuja huwa ya kushindia nyumbani na ya jikoni. Ikilainika huwa mbeleko, maana mgongo wa mama na ngozi ya mtoto huhitaji kitambaa laini, na kanga mpya ina ukakasi wa wanga. Ikichanika hukatwa ikawa winda la mtoto mchanga. Kinachobaki husokotwa kikawa kata ya kubebea ndoo kichwani, au kikawa kishikio cha sufuria, na mwisho huwa tambara la kupigia deki. Katika kila hatua kuna mkono ulioamua kwamba nguo hii haifai kwa kazi ile lakini yafaa kwa kazi hii. Uamuzi huo ni elimu, na aghalabu mwalimu wake alikuwa ni bibi.

4. Msamiati wa mtengenezaji

Kama elimu hiyo haikuandikwa, iko wapi? Kwa sehemu kubwa iko katika maneno. Hebu tuangalie kwanza jinsi Kiswahili kinavyotofautisha madhara yanayoipata nguo. Nguo *iliyofumuka* ni ile ambayo mshono wake umeachia huku kitambaa chenyewe kikiwa kizima. *Iliyochanika* imepasuka kwa kufuata mstari, na *iliyoraruka* imepasuka ovyo na kuacha ncha. *Iliyotoboka* ina tundu. *Iliyochujuka* imepoteza rangi, hasa majini, na *iliyopauka* imefifia na kukosa uhai, hasa juani. *Iliyochakaa* imechoka kwa jumla. Hizi si tofauti za mapambo ya lugha. Kila neno linamwambia fundi dawa inayotakiwa. Iliyofumuka hushonwa tu palepale. Iliyochanika hukutanishwa kingo zake kwa kupigwa bandi kwanza, yaani kushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, kisha hushonwa barabara. Iliyoraruka huhitaji kiraka, maana kingo zake hazikutani. Tundu dogo *hutililiwa*: nyuzi hupitishwa juu na chini kwa kupishana mpaka tundu lijae, jambo ambalo kwa hakika ni kufuma upya mahali padogo kwa sindano. Iliyochujuka huchovywa rangini.

Mavazi yenyewe nayo yana maneno ya sehemu zake, na mengi ya maneno hayo yanamfaa mtengenezaji kuliko mvaaji. Kanzu ina *kikwapa*, kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono ili vazi lisibane. Ina pia *taharizi*, kipande cha ubavuni. Mvaaji anaweza kuishi miaka mingi bila kuyahitaji maneno haya. Fundi huyahitaji siku kanzu inapochanika kwapani, mahali inapochoka kwanza, maana hapo hubadilisha kikwapa badala ya kuitupa kanzu. Shati la kizungu lilipoingia, mafundi walijifunza kugeuza kola: kola iliyolika upande wa juu ilifumuliwa, ikapinduliwa, ikashonwa tena, na upande uliokuwa umefichika ukatokea nje ukiwa mzima. Kwa mara nyingine tunakutana na kufumua na kufanya upya.

Meza ya fundi ni ramani ya Bahari ya Hindi. *Uzi* na *shona* ni maneno ya Kibantu. *Tarizi* limetoka katika Kiarabu. *Kastabini*, ambayo wengine huiita *subana*, na *cherehani* yana mizizi ya Kiajemi. *Dobi* ni neno la Kihindi. *Leso* ni Kireno, na *kola* na *buluu* ya kufulia ni Kiingereza. Dobi aliyetia nguo nyeupe buluu ili kuondoa umanjano, akaitia wanga ili isimame, kisha akaipiga pasi ya makaa, alikuwa akiifanya nguo kuukuu irudishe sura yake ya dukani. Kazi yake, kama ya fundi cherehani wa barazani, ilikuwa ni ya kuongeza siku. Wala haikuhesabiwa kuwa ni sanaa, kwa sababu ilifaulu pale ilipokuwa haionekani.

5. Safari ya neno mtumba

Neno moja lastahili kuelezwa peke yake. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na kwingineko kuelekea bara, *mtumba* ulikuwa ni robota la nguo lililofungwa kwa urefu ili likae vizuri begani mwa mpagazi. Ndani yake mlikuwa na merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, na vyote vilikuwa vipya. Kwa mitumba hiyo zilinunuliwa pembe, chakula na ruhusa ya kupita. Nguo ilikuwa fedha, na mtumba ulikuwa mkoba wake.

Leo mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo. Umbo la mzigo limebaki lilelile, robota lililobanwa na kufungwa, lakini kilichomo kimegeuka. Nchini Tanzania mabadiliko hayo yalionekana waziwazi katika miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba na maduka yakawa matupu. Viwanda vya nguo, kikiwamo cha Urafiki kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, havikuweza kukidhi mahitaji. Hicho ndicho kizazi kinachokumbuka kaptura zenye viraka viwili vya mviringo nyuma, na suruali ya kaka iliyokatwa kuwa ya mdogo wake. Masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikafurika.

Watu waliipokea kwa majina yao. Wengine waliiita *kafa Ulaya*, kwa kudhani kwamba ni nguo za wafu, maana iliwawia vigumu kuamini kwamba mtu aliye hai angeiacha nguo nzima kiasi kile. Rwanda na Burundi zililichukua tendo la Kiswahili la mnunuzi anayeinama juu ya rundo, zikaiita *chagua*. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vya kanda vipate kupumua. Chini ya shinikizo la Marekani, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, uliokuwa umepanda mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwezi wa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu ya kuingia soko la Marekani bila ushuru. Kwa hiyo nchi iliyotuletea merikani katika karne ya 19 ndiyo iliyopigania haki ya kutuletea nguo zake kuukuu katika karne ya 21.

Uchumi wa jambo hili nawaachia wenye taaluma yake. Mimi naangalia pembeni mwa soko. Gikomba jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa na Karume jijini Dar es Salaam, penye mitumba pana cherehani. Fundi hupunguza kiuno, hufupisha mguu, hufumua mkono wa koti na kuurudisha ukiwa mwembamba zaidi, hushona jaketi moja kutokana na suruali mbili za jinzi. Anafanya kwa nguo ya Chicago alichofanya mfumaji wa Sofala kwa nguo ya Kambaya. Tofauti ni kwamba kitambaa chenyewe kimebadilika. Pamba hukubali nili, hukubali kutililiwa, na inapokwisha huwa tambara linalofyonza maji. Polista haishiki nili, huyeyuka chini ya pasi kali, na haifai kwa deki. Hatua zile za maisha ya kanga nilizozitaja haziwezekani kwa nguo ya aina hii. Ikichoka, imekwisha, na mwisho wake ni jalalani. Ubingwa wetu wa kale umekutana na kitambaa kisichopenda kufumuliwa.

6. Kiraka: aibu na sifa

Kabla ya kuhitimisha, nitaje neno lililotuanzishia safari. *Kiraka* katika matumizi ya leo kina nyuso mbili. Katika siasa ni lawama. Wanaotaka katiba mpya husema kwamba iliyopo imejaa viraka, nao hukusudia kwamba imerekebishwa mara nyingi bila kuwa nzima. Katika mpira wa miguu ni sifa. *Mchezaji kiraka* ni yule anayeweza kuwekwa popote panapovuja, awe beki leo na kiungo kesho, na kocha humthamini kwa sababu hiyohiyo. Mwanasiasa anamtazama mvaaji, ambaye kiraka kinamwaibisha. Mtangazaji wa mpira anamtazama fundi, ambaye kiraka kinamwokoa. Maana zote mbili ni za kweli, na nadhani historia yetu ya nguo imekosa maana ya pili.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba nguo za buluu na nyeupe za Sofala, kaniki, leso ya kuunga, na jaketi la Gikomba ni matukio ya historia moja. Katika kila tukio watu walipokea nguo iliyotengenezwa na wengine, wakaitendua, wakaitenda upya kwa haja zao. Sisemi kwamba walifanya hivyo kwa furaha daima. Mtumwa aliyechovya merikani katika nili hakuchagua umaskini wake, wala mtoto wa mwaka 1982 hakuchagua viraka vyake. Nasema tu kwamba ufundi wao ulikuwa ufundi, na kwamba unastahili kuandikwa.

Nawaachia wanafunzi kazi. Tumetumia miaka mingi, na kwa haki, kuunda istilahi za fizikia na za kompyuta. Katika miaka hiyohiyo *tililia*, *taharizi*, *bandi* na *subana* yamebaki katika kamusi yakisubiri msomaji, na watu wanaoyatumia kila siku wanazidi kupungua. Nendeni barazani. Kaeni na fundi mzee na mwanamke mzee, mwombeni awaonyeshe kwa mkono kabla ya kuwaambia kwa mdomo, kisha andikeni neno na tendo lake pamoja, maana moja bila la pili halitaeleweka. Na wale watakaofanya kazi katika makumbusho, watakapopokea kanga mpya kwa ajili ya kabati la kioo, waombe pia ile iliyobebea watoto watatu na kutiwa kiraka mara mbili. Hiyo ya pili ndiyo yenye habari nyingi zaidi.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliopo sasa uko katika kumbukumbu yetu wenyewe, nao bado ni mdogo kiasi cha kuzibwa.